IMAMU GHAZALI ALIPOACHA CHEO

Wengi katika sisi wakifikia makamo hudhani kwamba mlango wa kujirekebisha umekwisha fungwa. Kwa hivyo tumeona ni bora tuwakumbushe ndugu zetu maisha ya Imamu Abu Hamid Al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kitabu chake cha Ihya chajulikana sana hapa pwani, lakini ni wachache wajuao kilitokana na nini.

Alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasan, mwaka 450 Hijria (1058). Alisoma Nishapur kwa Imamul-Haramain Al-Juwaini, na mwaka 484 (1091) Waziri Nidhamul-Mulk akamweka kuwa mwalimu mkuu wa Madrasa ya Nidhamiya, Baghdad. Alikuwa na miaka 34 tu. Wanafunzi 300 walimsikiliza, na wakubwa wa dola walimtukuza.

Miaka minne baadaye aliihesabu nafsi yake. Akaona kwamba nia yake katika kusomesha haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali ilisukumwa na cheo na sifa. Karibu miezi sita alivutana na nafsi yake: asubuhi akiazimia kuondoka, jioni akighairi. Mwisho ulimi ukafungika. Akitaka kusomesha, neno halitoki. Chakula kikawa hakipiti, mwili ukadhoofika, na matabibu wakakata tamaa, wakasema maradhi yameanzia moyoni.

Ndipo alipotoa mali yake, akabakisha ya kumtosha yeye na watoto wake. Alitangaza kuwa aenda Makka, hali amenuia Sham, kwa kuchelea asizuiwe. Mwaka huo ulikuwa 488 (1095), naye ana miaka 38. Katika mji wa Damascus alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkuu, akijifungia mlango mchana kutwa. Kisha alizuru Baitul-Muqaddas na kaburi la Nabii Ibrahimu, akaenda kuhiji. Katika miaka hiyo aliitunga Ihya, yenye vitabu arubaini ndani yake, tangu elimu na sala hadi adabu za kula, chumo la halali na mauti.

Lakini hapa twamwomba msomaji azingatie. Imamu hakuishia mnarani. Mapenzi ya watoto wake yalimrudisha kwao. Mwaka 499 (1106) Waziri Fakhrul-Mulk, mwana wa Nidhamul-Mulk, alimtaka asomeshe tena, Nishapur. Imamu akaihesabu nafsi yake mara ya pili, akachelea kwamba kujitenga kwake sasa kusije kukawa ni uvivu na kupenda raha, na kukimbia maudhi ya watu. Akashauriana na watu wema, akarejea baada ya miaka 11. Kazi ilikuwa ile ile, ila zamani alifundisha elimu ya kupatia cheo, na sasa alifundisha elimu ya kukiachia cheo. Alifariki Tus mwaka 505 (1111), akiwa na miaka 55.

Basi asiseme mtu kwamba hawezi kutengenea mpaka aache duka lake au chuo chake. Lililobadilika kwa Imamu ni lile analolitakia kazi, na kwalo alihitaji miaka 11. Mwenye duka na aitazame mizani yake, na mwalimu ajiulize amsomeshea nani. Aliyefikia arubaini bado ana wakati wa kuuliza. Asiyeuliza ndiye aliyechelewa.

Wabillahi taufiq.