Maisha ya John Leighton Stuart, mkuu wa chuo na balozi

Safari hii tunawaletea maisha ya John Leighton Stuart. Tumemchagua kwa sababu swali lake ni letu pia: kwao mtu ni wapi, walikotoka wazazi wake au alikozaliwa?

Alizaliwa mwaka 1876 katika mji wa Hangzhou, China. Wazazi wake walikuwa wamisionari kutoka Marekani. Alipokuwa na miaka 11 walimpeleka kwao, na watoto wenzake wakamcheka kwa namna alivyosema na alivyovaa. Watoto wetu wanayajua hayo. Mwaka 1904 alirudi China akiwa mmisionari, pamoja na mkewe Aline.

Mwaka 1919 aliwekwa kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Yenching, mjini Beijing. Chuo kilikuwa maskini, naye akasafiri mara nyingi kwenda Marekani kukiombea fedha. Aline alifariki mwaka 1926, akazikwa katika makaburi ya chuo. Desemba 1941 Wajapani wakakifunga chuo, na Stuart akakaa kifungoni hadi 1945.

Mwaka 1946, akiwa na miaka 70, Marekani ikamfanya balozi wake nchini China. Wachina walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Alijaribu kuwapatanisha, akashindwa. Jeshi la Wakomunisti lilipoingia Nanjing Aprili 1949, serikali ilikuwa imekimbia, lakini yeye alibaki akitafuta mazungumzo. Wakubwa wake wa Washington wakamkataza kwenda Beijing. Mwezi wa Agosti aliondoka, na Mao Zedong akaandika makala ya kumdhihaki. Hakuiona China tena.

Mwaka huohuo akapatwa na kiharusi. Msaidizi wake Mchina, Philip Fugh, ndiye aliyemtunza pamoja na familia yake mjini Washington, hadi alipofariki mwaka 1962. Alikuwa ameomba azikwe chuoni kando ya Aline. Haikuwezekana. Mwaka 2008, baada ya miaka 46, mtoto wa Fugh aliyapeleka majivu yake Hangzhou, yakazikwa huko alikozaliwa.

Ndugu zetu, nasi tunao wazee waliolala ugenini wakiwa wameomba kurudishwa kwao, kama Yusufu alivyowaapisha ndugu zake juu ya mifupa yake. Hatujui ni lini tutaweza. Lakini Fugh hakuwa damu ya Stuart, na hakumwacha. Mzee asiye na mtu hapa kambini tusimwache peke yake. Mungu awabariki.