Shakespeare: mtunzi wa kidato cha sita ambaye hakufika chuo kikuu

Kila tunapogusia masomo kwenye kipindi cha asubuhi, hazikosi simu za wazazi ambao watoto wao wamechukua tahasusi yenye Kiingereza. Mtoto amerudi likizo na kitabu cha Shakespeare, Kiingereza chenyewe cha zamani, na nyumbani hakuna wa kumsaidia. Msidhani ni shida ya huku tu. Uingereza nako, anayesoma fasihi ya Kiingereza kwa mtihani wa A-level, ule wa kabla ya chuo kikuu, ni lazima asome walau tamthilia moja ya mtu huyu. Leo tumeona tumweleze alikuwa nani, maana yeye mwenyewe chuo kikuu hakukanyaga.

William Shakespeare alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564 katika mji mdogo wa Stratford-upon-Avon. Dada zake wawili waliomtangulia walikufa wangali wadogo, na miezi michache baada ya yeye kuzaliwa tauni iliingia mjini ikaua wengi. Yeye akapona. Baba yake, John, alikuwa fundi wa glavu za ngozi. Alipanda hadi kuongoza baraza la mji mwaka 1568, kisha biashara ikayumba na madeni yakamwandama.

Mji ulikuwa na shule ya wavulana. Kitabu cha majina ya wanafunzi hakikubaki, ila wataalamu karibu wote wanakubali kwamba alisoma hapo. Masomo yalianza asubuhi na mapema, fimbo ilikuwepo, na kilichofundishwa hasa ni Kilatini: kukikariri, kukitafsiri, kukiandika. Fasihi ya Kiingereza haikuwa somo, si pale, si Oxford, si Cambridge. Kwa hiyo somo linalowatoa jasho vijana wetu leo, Shakespeare hakulisoma hata siku moja.

Novemba 1582, akiwa na miaka 18, alimwoa Anne Hathaway mwenye miaka 26, ambaye tayari alikuwa mjamzito. Susanna akazaliwa mwaka 1583, na mapacha Hamnet na Judith mwaka 1585. Watoto watatu, na yeye hajatimiza 21! Kijana wa namna hiyo, hata leo, wengi wangesema habari yake imekwisha.

Lakini kufikia mwaka 1592 alikuwa London, akiigiza na kuandika. Mwaka huo kilitoka kijitabu kwa jina la Robert Greene, mwandishi aliyesoma Cambridge, kikimshambulia kuwa ni mwigizaji tu anayejidai anaweza kutunga kama wenyewe. Sisi tunaisoma kama dharau ya mwenye shahada kwa asiye nayo. Muda si mrefu tauni ikafunga kumbi za maonyesho, na Greene mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Kumbi zilipofunguliwa, mwaka 1594, Shakespeare aliingia katika kundi la waigizaji akiwa mmoja wa wenye hisa. Hapo ndipo fedha ilipotoka, kwenye mgawo wa viingilio, kuliko kwenye kuuza maandishi. Mwaka 1599 kundi lilijenga ukumbi wa Globe kwa mbao za ukumbi wao wa zamani. Mtu wa kawaida alilipa peni moja akasimama uwanjani bila paa. Wengi wao hawakujua kusoma, na walifuata kila kitu kwa masikio. Ndiyo maana tunawashauri wanafunzi wayasome maneno haya kwa sauti, hata kama ni kwa mbuzi machungani.

Mafanikio hayakuja peke yake. Agosti 1596 alizikwa Hamnet, mwanawe wa pekee wa kiume, akiwa na miaka 11. Mwaka uliofuata baba yake alinunua nyumba kubwa Stratford. Na Judith, pacha aliyebaki, alipotakiwa kutia saini hati aliweka alama tu. Binti wa mtunzi mkubwa kuliko wote wa Kiingereza hakuandika jina lake, kwani shule ile haikuwa ya wasichana.

Shakespeare alifariki tarehe 23 Aprili 1616, akiwa na miaka 52. Karibu nusu ya tamthilia zake zilikuwa hazijachapishwa. Waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, walizikusanya, na mwaka 1623 kikatoka kitabu kikubwa chenye tamthilia 36. Kati ya hizo, 18 zilikuwa hazijawahi kupigwa chapa, na bila wao huenda zingepotea kabisa. Macbeth ni mojawapo. Nyingine ni Julius Caesar, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili ikatoka mwaka 1963, kisha, akiwa bado Rais, akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969.