Charles Martin Hall na Chungu Chake

Bwana Hall alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1863. Zamani hizo alumini, tunayopikia leo katika sufuria, ilikuwa ghali mno. Alipomaliza masomo katika chuo cha Oberlin alijenga tanuri katika kibanda cha kuni nyumbani kwao, na betri za umeme akaziunda mwenyewe. Dada yake Julia, naye msomi wa kemia, alimsaidia.

Aliyeyusha kriolaiti, akatia oksidi ya alumini, akapitisha umeme. Hakupata kitu! Kumbe kosa lilikuwa la chungu: udongo wake uliyeyuka ukachafua mchanganyiko. Basi akakitandika kaboni ndani pande zote. Tarehe 23 Februari 1886 akaona vitone vya alumini vinavyong'aa.

Mwaka huohuo Mfaransa Paul Héroult, aliyezaliwa mwaka mmoja naye, alivumbua njia ileile. Wote wawili walifariki mwaka 1914.