James Kay-Shuttleworth

James Kay-Shuttleworth (Rochdale, 20 Julai 1804 – London, 26 Mei 1877) alikuwa daktari na mtumishi wa serikali wa Uingereza. Anakumbukwa hasa kama mwanzilishi wa mfumo wa serikali wa kugharamia mafunzo ya walimu.

Maisha ya awali

Alizaliwa kwa jina la James Kay. Alisomea udaktari Edinburgh, akahitimu mwaka 1827, kisha akatibu maskini mjini Manchester. Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 1832 ulimwonyesha hali za familia za wafanyakazi wa viwanda vya pamba, naye aliandika kitabu juu yake mwaka huohuo. Tangu mwaka 1835 alisimamia utekelezaji wa sheria ya maskini huko Norfolk na Suffolk. Katika nyumba moja ya maskini mwalimu aliugua, na mvulana mmoja akaendelea kuwafundisha wenzake bila matata. Tukio hilo dogo lilimpa Kay wazo lililobadilisha shule za nchi nzima.

Chuo cha Battersea

Mwaka 1839 aliteuliwa kuwa katibu wa kwanza wa kamati ya serikali iliyosimamia elimu. Mpango wa kwanza wa kamati ulikuwa chuo cha ualimu cha serikali, lakini ulikufa mara moja kwa sababu madhehebu hayakukubaliana nani afundishe dini humo. Kay hakusubiri. Mwaka 1840 yeye na rafiki yake Edward Carleton Tufnell walifungua chuo chao wenyewe huko Battersea, kando ya mto Thames, kwa kufuata mifano waliyoiona Uswisi. Wanafunzi walilima bustani na kutunza mifugo, na Kay mwenyewe aliishi chuoni pamoja nao. Gharama ziliwashinda, na mwaka 1843 chuo kikakabidhiwa kwa chama cha shule cha Kanisa la Anglikana.

Mwaka 1842 alimwoa Janet Shuttleworth, mrithi wa jumba la Gawthorpe, akaongeza jina la mke wake kwenye lake.

Mageuzi ya 1846

Kwa kuwa serikali haikuweza kuwa na vyuo vyake, Kay-Shuttleworth aliamua ilipie vyuo vya makanisa na vyama. Vijana wa miaka 13 walifanywa walimu wanagenzi kwa miaka 5, na waliofaulu walipata ufadhili wa kwenda chuoni. Chuo kilipewa ruzuku kwa kila mwanafunzi aliyefaulu mtihani. Mwishoni mwa miaka ya 1850 vyuo vilikuwa zaidi ya 30, vingi vikiwa vidogo na vya dayosisi moja tu. Huo ndio uliokuwa udhaifu wa mpango: vilikua haraka kwa fedha ambayo havikuwa na mamlaka juu yake.

Yeye mwenyewe alianguka kwa maradhi mwaka 1848 na kujiuzulu mwaka uliofuata, akapewa cheo cha baroneti.

Kanuni za 1862

Robert Lowe, akitaka kupunguza matumizi, alitoa kanuni mpya zilizolipa shule kulingana na matokeo ya mitihani ya watoto. Kay-Shuttleworth alizipinga kwa maandishi, akiona kazi yake ikibomolewa. Walimu wanagenzi walipungua, na vyuo vikakosa waombaji. Zaidi ya hayo, ruzuku ya chuo sasa ililipwa baada ya mhitimu kufanya kazi shuleni kwa kipindi cha majaribio, tena isizidi asilimia 75 ya matumizi ya chuo. Chuo kikubwa chenye wafadhili kingeweza kungoja; kidogo hakikuweza. Chuo cha Chichester kilifungwa mwaka 1867, kikafunguliwa tena mwaka 1873 kwa ajili ya wanawake.

Miaka ya mwisho

Wakati wa njaa ya pamba huko Lancashire, vita vya Marekani vilipozuia malighafi, alisaidia kuongoza kamati ya misaada. Alifariki London akiwa na umri wa miaka 72. Chuo cha Battersea kiliunganishwa na kile cha Mtakatifu Marko, Chelsea, mwaka 1923, kikahamia Plymouth mwaka 1973, na leo ni chuo kikuu.