Joseph Conrad na Chimbuko la Ugaidi katika Riwaya ya Taharuki

Józef Teodor Konrad Korzeniowski, ambaye ulimwengu wa fasihi unamjua kama Joseph Conrad, alizaliwa tarehe 3 Desemba 1857 mjini Berdyczów, katika sehemu ya Poland ya zamani iliyotawaliwa na Urusi. Baba yake, Apollo, alikuwa mshairi na mfasiri. Alikuwa pia mla njama. Alikamatwa Warsaw mwaka 1861 kwa kushiriki harakati za siri dhidi ya utawala wa Tsar, na mwaka uliofuata akapelekwa uhamishoni Vologda pamoja na mkewe, Ewa, na mtoto wao. Ewa alifariki mwaka 1865, Apollo mwaka 1869. Conrad alikuwa na umri wa miaka 11.

Akaingia ubaharia, kwanza Marseille mwaka 1874, kisha katika meli za Uingereza, nchi iliyompa uraia na cheti cha unahodha mwaka 1886. Safari yake ya Kongo ya mwaka 1890, na hoja za Chinua Achebe kuhusu riwaya iliyotokana nayo, zimekwisha jadiliwa vya kutosha. Kwa mwanaisimu, la ajabu zaidi ni kwamba alitunga riwaya zake kwa Kiingereza, lugha yake ya tatu baada ya Kipolandi na Kifaransa, aliyoanza kujifunza akiwa na miaka 20 hivi.

Tarehe 15 Februari 1894 Mfaransa Martial Bourdin aliuawa na bomu alilolibeba mwenyewe katika bustani ya Greenwich, London, karibu na jengo la kuchunguzia nyota. Nia yake haikupata kubainika, na ni pengo hilo ambalo Conrad alilijaza katika *The Secret Agent* (1907). Mhusika Verloc, mwenye duka, hulipwa na ubalozi wa kigeni kuwapeleleza wapinga dola. Ofisa wa ubalozi anatishia kumkatia mshahara asipolipua jengo lile, ili Uingereza ishtuke na kuwabana wakimbizi wa kisiasa. Verloc anambebesha bomu shemeji yake, Stevie, kijana mwenye akili pungufu asiyestahimili hata kuona farasi akichapwa. Stevie anajikwaa na kulipuka. Basi anayeagiza ni mwanadiplomasia, anayetekeleza anahofia riziki yake, na anayekufa amesukumwa na huruma. Itikadi haimo.

Huu ni uchambuzi mkali, lakini kwa maoni yetu una dhuluma ndani yake. Miongoni mwa wala njama wa riwaya hiyo hakuna hata mmoja mwenye dai la haki. Wote ni wavivu, walaghai au, kama yule Profesa mtengeneza mabomu, watu waliojeruhiwa majivuno yao. Mwana wa Apollo alijua kwamba sivyo ilivyo daima.

Katika *Under Western Eyes* (1911) alilirudia suala hilo kwa uadilifu zaidi. Haldin, mwanafunzi wa St Petersburg anayemuua waziri, ni mtu mkweli, na udhalimu wa dola ndio uliomzaa. Anayemsaliti, Razumov, naye hasawiriwi kama shetani. Kazi hii ilimgharimu mtunzi: alipoikamilisha mwanzoni mwa mwaka 1910 aliugua vibaya, akawa anaweweseka akizungumza na wahusika wake.

Alifariki tarehe 3 Agosti 1924 huko Bishopsbourne, akazikwa Canterbury. Jina lililochongwa kaburini ni mchanganyiko wa Kiingereza na Kipolandi, na tahajia yake ina makosa.