Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa

Louis wa 16 alizaliwa mwaka 1754 katika jumba la Versailles, karibu na mji wa Paris. Wazazi wake walikufa yeye angali mtoto, akalelewa katika nyumba ya babu yake, Mfalme Louis wa 15. Alikuwa kijana mpole, mcha Mungu, mwenye haya, apendaye kuwinda na kutengeneza makufuli kwa mikono yake mwenyewe. Alipokuwa na miaka 15 aliozwa Marie Antoinette, binti wa malkia wa Austria. Mwaka 1774 babu yake akafa, naye akarithi ufalme, umri wake miaka 19 tu.

Urithi ule ulikuwa mzigo mzito. Siku zile Wafaransa walikuwa mafungu matatu: viongozi wa dini, makabaila, na raia wote waliosalia. Mafungu mawili ya kwanza yalikuwa na mali nyingi, lakini yalisamehewa kodi nyingi; aliyelipa ni mkulima maskini, tena alitiwa shokoa kutengeneza barabara bila ujira. Waziri mmoja, jina lake Turgot, alishauri shokoa iondolewe, na wenye mashamba wote watoe kodi badala yake. Mfalme akaliona shauri hilo kuwa jema, akalikubali. Lakini makabaila walipolalamika aliingiwa na hofu, akamwondoa Turgot mwaka 1776. Ndivyo ilivyokuwa tabia yake: aliijua haki, lakini hakuwa na nguvu ya kuishika.

Baadaye akawasaidia Wamarekani kupigana na Uingereza, na deni la serikali likazidi sana. Mwaka 1788 mavuno yakaharibika, bei ya mkate ikapanda, watu wakaona njaa. Mfalme alipokosa fedha akaita baraza kuu la mafungu matatu, lisilokutana tangu mwaka 1614. Likakutana Versailles mwezi wa Mei 1789. Wajumbe wa raia, walipoona hawasikilizwi, wakajitangaza kuwa wao ndio Baraza la Taifa. Tarehe 14 Julai watu wa Paris wakaishambulia ngome ya Bastille, wakaiteka. Mwezi wa Oktoba wanawake wa mjini wakaenda kwa miguu mpaka Versailles kudai mkate, na kesho yake mfalme na jamaa yake wakachukuliwa kukaa Paris.

Hata hapo wengi walikuwa wangali wakimpenda, wakataka atawale kwa kufuata sheria. Lakini Louis alikubali kwa kinywa, na moyoni alikataa. Usiku mmoja wa Juni 1791 akatoroka pamoja na mkewe na watoto, amevaa nguo za mtumishi. Njiani akatambuliwa, akakamatwa katika mji mdogo wa Varennes, akarudishwa. Tangu siku ile watu hawakumwamini tena. Mwaka 1792 vita na Austria vikaanza, wakamshuku kuwa yu pamoja na adui. Tarehe 10 Agosti jumba lake likavamiwa, na tarehe 21 Septemba ufalme ukafutwa.

Louis akahukumiwa na baraza. Hapana mjumbe hata mmoja aliyepiga kura kusema kwamba hana hatia. Gerezani aliandika wasia, akawasamehe adui zake, akamwagiza mwanawe asilipe kisasi. Tarehe 21 Januari 1793 alikatwa kichwa mbele ya watu. Aliyekuwa dhaifu katika kutawala alikufa kwa ushujaa.

Lakini damu yake haikuleta amani. Waliotawala baada yake, ambao mkuu wao alikuwa Robespierre, waliua maelfu ya watu, Marie Antoinette miongoni mwao, mpaka Robespierre mwenyewe akauawa vivyo hivyo mwaka 1794. Mwaka 1799 jemadari Napoleon akatwaa mamlaka, na mwaka 1804 akajifanya mfalme mkuu. Wafaransa walibadili serikali mara nyingi, hata mwaka 1870 wakawaacha wafalme kabisa.

Basi, tukumbuke mambo mawili. Wema wa moyo hautoshi kwa mtawala, ikiwa hathubutu kutenda haki wakati wake ungalipo. Na watu waliodhulumiwa, wakiisha kushinda, wajihadhari wasiwe wadhalimu wenyewe.