Bell wa Simu na Masikio Yetu

Safari hii kalamu yangu yamwendea Alexander Graham Bell. Wengi wetu twamjua kwa simu tu. Mimi nilianza kumchungua baada ya kupimwa masikio, nilipoambiwa kwamba desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, imetokana na jina lake.

Bell alizaliwa tarehe 3 Machi 1847 mjini Edinburgh, Uskoti. Mama yake alikuwa hasikii vizuri, na baba yake alikuwa mwalimu wa matamshi. Kifua kikuu kiliwaua ndugu zake wawili, basi mwaka 1870 wazazi wakahamia naye Kanada. Mwaka uliofuata alikwenda Boston, Marekani, kufundisha viziwi. Mmoja wa wanafunzi wake, Mabel Hubbard, aliyepoteza usikivu utotoni kwa ugonjwa, akawa mkewe mwaka 1877. Hataza ya simu alikuwa ameipata tarehe 7 Machi 1876. Mnaona? Simu ilitoka kwa mtu aliyeishi na viziwi nyumbani na kazini.

Mwaka 1879 aliunda odiometa, mojawapo ya mashine za kwanza za kupima usikivu. Aliwapima mamia ya wanafunzi huko Washington, na wakaonekana wengine wenye udhaifu wa kusikia ambao haukuwa umejulikana.

Hapo nilishtuka, jamani! Hata kwetu, mwenzetu akiitwa asiitike, twamwita jeuri. Twamtupia na methali juu: sikio la kufa halisikii dawa. Je, kama hasikii kweli?

Kupimwa si jambo la kutisha. Kwanza waangaliwa ndani ya sikio kwa taa ndogo, maana pengine ni nta tu iliyoziba. Kisha waketi mahali pa kimya, wavishwa hedifoni, na kila usikiapo mlio, hata uwe mdogo kama wa mbu wa mbali, wabonyeza kitufe au wainua mkono. Hupimwa sikio moja moja, kwa sauti nene na nyembamba. Hakuuma hata chembe. Lakini usibahatishe! Mwisho wachorewa grafu. Mazungumzo ya kawaida huwa kama desibeli 60. Asiyesikia mpaka sauti ifike 40 hukosa maneno mengi ya mwalimu akiwa nyuma ya darasa.

Hata hivyo, Bell naye hakuwa malaika. Alishikilia kwamba viziwi wafunzwe kusema kwa kinywa, akapinga lugha ya ishara shuleni. Viziwi wengi wamemlaumu kwa hilo, nami naona wana haki. Hapa Kenya, Katiba ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, bega kwa bega na Kiswahili chetu.

Bell alifariki tarehe 2 Agosti 1922 huko Nova Scotia, Kanada. Siku ya mazishi yake, simu za Amerika Kaskazini zilinyamazishwa kwa dakika moja.

Basi wenzangu, ukiona waomba kurudiwa maneno kila mara, au sikio lavuma ama latoa usaha, mwambie mzazi au mwalimu akupeleke hospitali. Nanyi walimu wetu wapendwa, kabla ya kumwadhibu asiyeitika, tafadhali mpelekeni akapimwe.